Siku Cirillo Alipokwama

Binti yangu Milly alianza kukwama kwenye maneno akiwa na miaka mitatu na nusu, mwezi uleule bendera mpya ya Sudan Kusini ilipopandishwa Juba. Nakumbuka vizuri kwa sababu wiki ile nilikuwa nimefunga spika sehemu nne za mji, na kila nilikopita watu walikuwa wakiimba na kukumbatiana. Niliporudi nyumbani, mtaa wa Hai Mauna, mtoto alikuwa amesimama mlangoni akisema "ba-ba-ba-ba," nami nikadhani anacheza.

Kazi yangu ni sauti. Sikuisomea. Nilitoka Luwero, Uganda, mwaka 2007 na amplifaya moja iliyoungua, nikajifunza kwa kuifungua na kuifunga mpaka ikaongea. Sauti ikikatika ukumbini, sibahatishi. Naanzia kwenye maiki, nafuata waya kidole kwa kidole hadi kwenye spika, na kila kiungo nilichokijaribu nakiandika kwenye daftari. Hatimaye nafika mahali palipokatika, nachoma risasi ya kuungia waya, basi.

Nilimfanyia Milly hivyohivyo. Nilinunua daftari jipya, nikaandika herufi zinazomkwamisha: m, b, k, na t ikiwa mwanzoni mwa sentensi. Kila jioni kabla jua halijazama nilimkalisha mbele ya maiki, nikawasha miksa, mashine yangu ya kupangia sauti, nikamwambia tujaribu. Alipokwama nilimwambia vuta pumzi. Nilimwambia polepole. Nilimwambia anza tena. Sauti yangu ilikuwa ya upole, maana sina nyingine, na nadhani huo upole ndio ulionidanganya kwamba namsaidia. Mke wangu Annet alikuwa na njia yake: mtoto akifungua mdomo tu, yeye anamalizia. "Mmm," mtoto anasema, na Annet anajibu, "Maji? Mkate? Unataka mkate?" Basi mtoto anachukua mkate ambao hakuutaka, anaenda kuula nje.

Mwezi wa kumi mwaka 2013 kulikuwa na harusi ya mwokaji mmoja wa Kiganda, katika ukumbi mdogo wa mtaa wa Hai Cinema. Mimi nilikaa kwenye miksa. Mbele alikuwa Cirillo, mshereheshaji tuliyefanya naye kazi miaka mitatu. Cirillo ni mtu wa Juba aliyekulia kambi ya wakimbizi upande wa Uganda, akarudi na mke wa Kiacholi anayeitwa Flavia na lugha nne, na katika zote nne alikuwa mwepesi kuliko wenyewe. Watu walimwita harusini hata wasipokuwa na keki.

Kwenye harusi zetu mtoto mmoja huwasalimia maharusi kabla keki haijakatwa. Niliomba awe Milly. Alikuwa amefanya mazoezi wiki mbili kwenye maiki yangu: "Naitwa Milly. Karibu, bibi harusi." Nyumbani alikuwa ameisema mara nyingi bila kukwama, nami nilikuwa nimeandika idadi kwenye daftari. Kwa hiyo Cirillo alipotazama upande wangu, ni mimi niliyetikisa kichwa kwamba yuko tayari.

Cirillo akaacha yale ya mazoezi, akainama na kumuuliza, "Jina lako nani, mrembo?"

Milly akaanza, "Mmmmm." Akafunga macho, akajaribu tena, "Mmmmm."

Cirillo alingoja pumzi moja hivi. Kisha akainua maiki ya pili. "Wageni wetu, injini imewaka lakini gari halitembei. Nani ana nguvu ya kusukuma?"

Ukumbi ukacheka. Mtu mmoja nyuma akapiga kelele, "Weka gia!" Cirillo akarusha mguu hewani kama mtu anayewasha pikipiki kwa kiki, akaunguruma, "Mmm, mmm, mmm," na kila alipounguruma watu walipiga meza. Spika zilikuwa nne, nilizipanga mwenyewe, na hazikutoa mkwaruzo hata mmoja. Kila mtu aliyekuwa ndani alisikia vizuri kabisa.

Kidole changu kilikuwa kwenye kitufe cha sauti. Ningeweza kuizima. Sikuizima, kwa sababu nilikuwa naangalia mdomo wa mtoto, nikimsukuma kwa moyo wangu wote aseme hilo jina. Kwamba huko nako kulikuwa kumsukuma, niliona baadaye.

Milly aliweka maiki chini sakafuni, taratibu, jinsi nilivyomfundisha kutunza vifaa, akaenda kwa mama yake. Tangu siku ile hakusema tena kwa sauti. Akitaka kitu alimnong'oneza Annet sikioni. Mimi hakuninong'oneza. Watoto wa mtaa waliokuwa harusini walileta habari, na Milly akipita kwenda bombani waliunguruma kama pikipiki, mmoja akarusha mguu.

Wakati wa kukunja nyaya siku ileile nilimwambia Cirillo kwamba lile halikuwa jambo zuri. Hakukasirika. Alinishika bega, akasema ule ulikuwa utani tu, tena mtoto akizoea utani ulimi unakomaa.

"Mimi ni MC, Matiya," alisema. "Watu wakilala, nani atatuita tena? Malesh, yaishe, ndugu yangu. Mtoto atasahau."

Nikaendelea kukunja nyaya. Sipayuki. Nyaya zilikuwa kumi na saba, nilizikunja zote na kuzifunga kamba, na nilipofunga ya mwisho nilikuwa nimeshaamua kwamba siku moja Cirillo atasimama mbele ya watu na hatapata neno. Nitaipataje siku hiyo, sikujua. Nilijua tu kwamba sina haraka.

Nyaya na betri nilikuwa nanunua kwa Hersi, Msomali kutoka Garissa mwenye duka la jumla. Hersi ana kigugumizi, na kwa miaka mitano nilikuwa nimenunua kwake bila kukifikiria, kwa sababu yeye mwenyewe hakikumzuia kubishana bei. Nilimsimulia habari za Milly. Aliniuliza nyumbani tunafanya nini mtoto akikwama, nami nikamweleza kwa utaratibu: daftari, maiki, vuta pumzi, anza tena.

"B-b-bwana Matiya," akasema Hersi, "mimi ungenifanyia hivyo, walahi ni-ningekukimbia."

Akanieleza mama yake alivyokuwa. Mama yake, akisikia mtoto amekwama, aliweka chini chochote alichoshika, hata kama ni kibuyu cha maziwa, akamtazama machoni, si mdomoni, akangoja. Hakumwambia polepole. Yeye mwenyewe ndiye aliyesema polepole, na nyumba nzima ikapungua mwendo. Hakumalizia neno la mtu, na kaka na dada zake Hersi walikatazwa kumdakia. Kila alfajiri alimchukua Hersi peke yake kwenda kukamua, na huko hakumuuliza maswali, walikaa tu, mtoto akasema akitaka. Na siku moja alimwambia waziwazi kwamba ulimi wake hukwama, kwamba hilo si kosa na si siri.

Niliuliza kama alipona. Alicheka. "S-sijapona. Nina maduka m-m-mawili."

Nikauliza tena, kwa kuzungukazunguka, kama aliwahi kumlipizia mtu aliyemcheka. Akasema yuko mmoja, walisoma naye madrasa utotoni, alimpasua kichwa kwa jiwe. Nilitaka kujua ikawaje baadaye.

"Sasa ni sh-shemeji yangu," akasema Hersi. "Kila Idi naliona hilo kovu, na yeye ananiona nikiliona."

Niliyaandika yote yale. Nyumbani nilizima maiki ya mazoezi, nikalitupa daftari la herufi jikoni, Annet akawashia jiko. Nilimweleza Annet asimalizie maneno, naye akajitahidi mpaka akawa anajiziba mdomo kwa kanga. Lakini hakukuwa na neno la kungoja. Mtoto alikaa kati yetu kimya, na nje tukasikia zile pikipiki za midomo. Kwa hiyo yale ya mama yake Hersi niliyashika kwa mkono mmoja, na mkono mwingine ukabaki na Cirillo.

Mwishoni mwa Novemba nilinunua miksa iliyotumika, kubwa kidogo, yenye sehemu ya mwangwi. Wahubiri wa Juba wanaupenda mwangwi kuliko chakula. Nilivaa hedifoni niupime. Nikasema moja, mbili, na sauti yangu ikanirudia masikioni ikiwa imechelewa kidogo. Nikataka kusema tatu, ulimi ukajikunja. Nikasema "ta-ta-taaa" kama mlevi. Nikavua hedifoni, nikakaa.

Nilirudia siku tatu, nikiandika kila kipimo. Sauti ikichelewa kidogo sana, inasumbua tu. Ikichelewa sana, unaisikia kama mtu mwingine anayesema nyuma yako, unaizoea. Lakini pale katikati, karibu sehemu moja ya tano ya sekunde, na ikiwa na nguvu ya kufunika sauti yako mwenyewe, huwezi kusema jina la mama yako. Nilimwita Aguer, seremala wa jirani, nikamwambia nataka kupima hedifoni. Aguer huongea kutwa bila kumeza mate. Alifika neno la nne, akazivua, akazitazama ndani kama anatafuta mdudu, akacheka na kurudi kwenye meza zake.

Annet alikuwa akianika nguo uani. Aliniuliza, "Taata Milly, mbona unapima kitu ambacho si kibovu?"

Nikamwambia ni kazi. Aliacha kuanika, akanitazama, akaendelea.

Cirillo kwa muda mrefu alikuwa akinisumbua nimtafutie hedifoni kubwa za kufunika masikio, kama za watangazaji wa televisheni. Alipenda kujisikia. Nikampigia simu, nikamwambia nimezipata. Siku aliyokuja kuzijaribu nilizipa sauti safi, tamu, yenye besi kidogo, akafumba macho na kujiita kwa jina lake mara mbili. Alinikumbatia. Alinuka manukato, nami nikamkumbatia pia.

Jumamosi ya tarehe kumi na nne Desemba wafanyabiashara wa Kiganda walikuwa na sherehe yao ya kufunga mwaka, mchana, katika ukumbi uleule wa Hai Cinema. Uleule ndio niliokuwa nautaka. Annet hakutaka Milly aingie tena mahali pale. Nilimwambia mtoto lazima aje. Nilitaka aone.

Milly alikaa kwenye kiti kando yangu, miguu haifiki chini, mikono mapajani.

Saa nzima ya kwanza sikumgusa Cirillo. Alikuwa mzuri siku ile, kuliko siku zote. Aliwachekesha wauza ndizi, akawachekesha wenye mabasi, akamwimbia mwenyekiti. Nilimwacha apande, kwa sababu mtu aliyekaa chini hana pa kuanguka. Kisha akafika kwenye kuwatambulisha wageni wa heshima, mahali ambapo jina la mtu haliwezi kurukwa. Nikapeleka mwangwi kwenye hedifoni zake peke yake. Kwenye spika za ukumbi sikupeleka kitu. Nikazungusha kitufe kidogo.

Aliyumba kwenye neno moja, akasahihisha. Nikaongeza. Akatamka "mheshimiwa" kwa kuivuta kama mpira. Nikafikisha kwenye kile kipimo nilichokiandika.

"Mhe-he-he," akasema Cirillo. "Mheee. Mwe-mwenye-nye."

Watu walicheka kwanza, wakidhani ni mchezo mpya. Alitabasamu nao, akajaribu tena, na uso wake ukaanza kubadilika. Alisogeza maiki, akaigonga. Alimeza mate. Aliongeza sauti, na alivyoongeza sauti ndivyo hedifoni zilivyomrudishia kwa nguvu zaidi, akakwama kabisa, mdomo wazi, shingo imetoka mishipa. Kutoka nyuma ya ukumbi mtu akapiga kelele, "Weka gia!"

Hilo sikulipanga. Lilikuwa zuri kuliko nilichopanga.

Alizivua hedifoni. Nikawahi kuzima mwangwi, ili hata mtu akizivaa asikute kitu. Sasa masikio yake yalikuwa huru, na angeweza kusema kama siku zote, lakini ulimi ulikuwa umeshaogopa. Akataka kuomba radhi, nadhani, na kilichotoka kilikuwa "mmm." Ukumbi mzima ukasikia ile "mmm" ikipita kwenye spika zangu nne. Akaweka maiki mezani, akatoka kwa mlango wa jikoni.

Nilisikia raha. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: raha iliyoanzia tumboni ikapanda, kama mtu aliyekunywa maji baada ya safari. Nikageuka kumtazama Milly, nikitaka kumwona akicheka, au hata akitabasamu tu.

Hakuwa anatazama mlango wa jikoni. Alikuwa anatazama mkono wangu. Jioni zote zile nilizomkalisha mbele ya miksa hazikupotea bure. Alijua kila kitufe kinafanya nini.

Jumapili baada ya kanisa nilikuwa uani nikifuta vumbi kwenye nyaya. Milly akaja akasimama mbele yangu.

"Ba-ba-baba."

Ilikuwa wiki ya tisa. Niliweka waya chini. Nikamtazama machoni.

"U-u-umemfanya k-k-kama mimi."

Nikamwambia ndiyo. Nilisema polepole.

"Kwa n-nini?"

"Kwa sababu alikukosea," nikasema. "Nilitaka aadhibiwe."

Alifikiri. Ilichukua muda, na nje watoto walikuwa wakicheza, na mimi sikumwambia polepole wala vuta pumzi.

"N-na mimi," akasema, "mimi nilik-k-k-kosea nini?"

Nimefungua mashine nyingi nisizozijua, na kila moja ilinipa mahali pa kuanzia. Pale sikuona pa kuanzia. Nilimwambia hakukosea kitu. Akatikisa kichwa, kama mtu aliyejibiwa na asiyetosheka, akasema, "M-m-mwambie," akaingia ndani. Alimaanisha nimwambie Cirillo nilichomfanyia. Nikaahidi kwamba kesho nitakwenda.

Kesho haikuwa siku ya kwenda popote. Usiku ule risasi zilianza upande wa kambi za jeshi, wanajeshi wenyewe kwa wenyewe, na kulipokucha mizinga ikafuata. Siku tatu tulilala sakafuni chini ya magodoro. Tulisikia nani amevunjiwa mlango, nani hakurudi. Milly alimnong'oneza mama yake, na mimi hakuniambia kitu, na kati ya mlio na mlio nilimwona akinitazama. Sikuhitaji aseme.

Alhamisi Hersi alitutumia habari kwamba lori la ndugu yake linatoka kwenda Nimule, mpakani na Uganda, lina nafasi ya wanawake na watoto na wanaume wachache. Yeye mwenyewe alibaki na maduka yake. Nilifunga nyumba na vyombo vyote ndani, tukaenda na mfuko mmoja na dumu la maji. Nilipopanda lori nikamwona Cirillo, amekaa pembeni na mkewe Flavia, amejifunga skafu shingoni kwenye joto lile.

Flavia alimweleza Annet kwa sauti ya chini. Tangu Jumamosi mumewe hajasema sentensi nzima. Anaamini amepata kiharusi, au kuna mtu amemfanyia kitu. Annet aligeuza kichwa akanitazama tu, kama siku ile ya kuanika nguo.

Baada ya nyumba za mwisho za mji kulikuwa na kizuizi. Askari walituteremsha sote, wanaume wakapangwa mstari mmoja, wanawake na watoto ubavuni mwa lori. Kila mwanaume aliulizwa kwa Kiarabu jina lake, la baba yake, na kijiji, ili kabila lake lijulikane. Wiki ile kuchelewa kujibu lilikuwa kosa. Mtu aliyefikiri kabla ya kusema alikuwa mtu anayetunga. Nilijibu yangu haraka, wakanipitisha hatua moja mbele. Aliyefuata alikuwa Cirillo.

Askari akauliza. Cirillo akafungua mdomo, na hakikutoka kitu. Askari akauliza tena, kwa sauti kubwa, akauhamisha mtutu kutoka begani kwenda mkononi. Mishipa ya shingo ya Cirillo ikatoka ileile niliyoiona Jumamosi.

Nikasema, "Bwana, huyu anaitwa..." na askari akaniamuru ninyamaze. Akasema huyu ana mdomo wake, aseme mwenyewe.

Nilitafuta kitufe. Nasema kweli, vidole vyangu vilisogea pajani kana kwamba kuna kitufe cha kurudisha nyuma.

Ndipo Milly akasema kutoka ubavuni mwa lori. Annet alimshika bega anyamaze, lakini Milly akasema hivyohivyo, kwa Kiarabu cha Juba, ambacho anakijua kuliko mimi. Alisema, ngoja, huyu ni kama mimi, anakwama lakini anafika. Hayo ni maneno machache, lakini alikwama kwenye kila moja, na kwenye "mimi" alikwama mpaka nikadhani jua limesogea. Askari ilibidi asikilize hadi mwisho, maana kabla ya mwisho hakujua anaambiwa nini. Hakuna aliyecheka.

Askari akaniuliza kama ni mtoto wangu. Nikasema ndiyo. Akauliza yuko hivyo tangu lini, nikasema tangu mdogo. Akamgeukia Cirillo, akateremsha mtutu, akangoja. Cirillo alilitoa jina lake vipande vipande, kisha la baba, kisha kijiji, kama mtu anayetoa mawe kisimani. Askari akamwonyesha kwa kidevu apite.

Adhuhuri lori lilisimama rejeta ipoe. Nilimfuata Cirillo kando ya barabara, nikamweleza yote kwa mpangilio: harusi, miksa, kipimo, hedifoni, kitufe. Nikamwambia hana kiharusi, ulimi wake ni mzima, ni mimi. Alinitazama kama haelewi. Akaniomba nirudie, nikarudia.

Kisha akanitukana. Alianza kwa Kibari, lugha ya kwao, akahamia Kiarabu, akaja Kiswahili, akamalizia kwa Kiacholi cha mkewe ili Flavia naye asikie. Maneno yalitoka kama zamani, mepesi, yamepangana, na hakukwama hata kwenye moja. Abiria waligeuka kutazama. Milly, aliyekuwa amekuja nyuma yangu, alisikiliza yote kwa makini. Cirillo alipomaliza akanipiga kofi, na masikio yangu yakalia.

"Nitakulipa, Matiya," akasema. "Si leo. Lakini nitakulipa mbele ya watu, kama ulivyonilipa."

Nikamwambia sawa. Sikumwomba msamaha, naye hakuniomba. Alimtazama Milly, akafungua mdomo kama anataka kumwambia kitu, akaufunga, akarudi kwenye lori. Sisemi najutia yote. Hata leo nikiwa peke yangu huukumbuka ule uso wake wakati hedifoni zilipomgeuka, na ile raha hurudi kidogo, halafu nalikumbuka swali la mtoto.

Lori lilipoondoka Milly alikuja kukaa upande wangu. Cirillo alikuwa upande wa pili, akinitazama bila kupepesa, na nilijua atanitazama hivyo mpaka mpakani. Vumbi lilikuwa jingi. Milly akanivuta shati.

"M-m-m," akasema. "Mmmmm."

Midomo yake ilikuwa imekauka, na mkono wangu ulikuwa umeshagusa dumu la maji. Nikauondoa. Nikamtazama machoni. Tulipita daraja dogo, tukapita gari lililoungua, yeye yuko palepale, na mimi nipo.

"M-m-maiki," akasema. "Maiki tu-tumeiacha?"

Nikamwambia ndiyo, tumeiacha, nimeifungia ndani.

"V-vizuri," akasema Milly, kisha akaomba maji.